Damu Inatoka na Hospitali Iko Ng'ambo ya Maji: Majibu ya Maswali Yenu

Barua zimekuwa nyingi tangu nilipoandika juu ya majeraha ya kambini na ziwani, na karibu nusu yake zinauliza jambo lile lile: mtu akiumia, tumpake nini? Msimpake kitu. Kabla ya kutafuta cha kupaka, tumieni mikono yenu. Anayeumia Nyakato, hapa Mwanza mjini, anapakiwa kwenye bajaji na muda si mrefu yuko hospitali ya Bugando. Anayeumia kwenye visiwa vya Ziwa Victoria, Kome, Maisome, Ukara au kwenye vichaka vya Rubondo, ana maji mapana mbele yake, na saa ile ya kwanza hana daktari isipokuwa mliokaa naye kwenye mtumbwi. Daraja la Kigongo–Busisi limewaondolea wagonjwa wa Sengerema foleni ya kivuko, na hilo ni jambo kubwa, lakini visiwani bado ni boti na upepo. Kwa hiyo leo nimechagua maswali ya watu walio mbali.

Shikamoo mwalimu. Tulikuwa tunavuta nyavu usiku, mwenzetu akateleza, propela ikamkata paja. Tulimfunga kamba ya nyavu juu ya kidonda lakini damu haikukoma. Tulimfikisha Nansio akiwa hoi, Mungu akasaidia akapona. Tulikosea wapi? — Mvuvi, Ukerewe

Marahaba mdogo wangu. Mliwahi kumpeleka, na hilo limemwokoa. Kilichowaangusha ni kamba. Kamba nyembamba inakata ngozi na kuumiza nyama, lakini mshipa mkubwa wa paja uko ndani kabisa na haubanwi na uzi. Damu inayoruka kwa mapigo, nyekundu ya kung'aa, inaweza kummaliza mtu mzima katika dakika chache. Huo si muda wa kutafuta kamba, ni muda wa kuweka mkono.

Mlazeni kwenye sakafu ya mtumbwi. Chaneni suruali mwone damu inatoka wapi hasa, maana kwenye giza watu hukandamiza nguo iliyolowa na kuacha tundu lenyewe pembeni. Chukua kanga, fulana, chochote kilicho safi kuliko vingine, kiweke juu ya tundu hilo, nyoosha viwiko, ulale juu yake kwa uzito wako wote. Kidonda kikiwa na shimo, usifunike juu juu. Shindilia kitambaa ndani kwa kidole, kidogo kidogo, mpaka kifike pale damu inapochomoza, endelea mpaka shimo lijae, halafu ndipo ukandamize. Tazama saa ya simu: dakika kumi bila kuchungulia. Kila unapoinua mkono kuona kama imekoma, unaondoa donge la damu lililokuwa limeanza kushika. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu na ukaze zaidi.

Ikiwa ni mkono au mguu na damu bado inashinda mikono yenu, hapo ndipo mnafunga kwa kukaza. Tumieni kipande cha kanga kilichokunjwa upana wa vidole vitatu, kisikatike wala kujisokota kuwa kamba. Kifungeni vidole vinne juu ya kidonda, upande wa kuelekea mwilini, lakini si juu ya goti wala kiwiko. Piga fundo moja, weka kijiti kigumu au spana juu yake, piga fundo la pili, kisha zungusha kijiti mpaka damu ikome. Si ipungue, ikome. Atapiga kelele kwa maumivu, na maumivu hayo si sababu ya kulegeza. Kifungeni kijiti kisirudi, na mwandike saa kwenye paji la uso wake kwa kalamu. Halafu msikiguse tena mpaka hospitali.

Kuna watu wanaofundishana kulegeza kila robo saa ili mguu upate damu. Wanaomfanyia hivyo mgonjwa wanammwaga kwa awamu. Mguu unavumilia kukazwa kwa muda wa saa mbili hivi bila madhara makubwa, na hata muda huo ukizidi, msilegeze wenyewe. Uamuzi huo ni wa daktari aliye na vifaa.

Kidonda cha panga tunaweka unga wa rangi mbili ili kikauke. Kuna ubaya? — Kambi ya dagaa, Kome

Upo, na nimeshaandika mara nyingi mpaka nashangaa swali hili kurudi. Unga wa vidonge vya rangi mbili, vile vya antibiotiki, unafanya uji na damu, unaganda juu, na chini yake uchafu unabaki umefungiwa. Kwa daktari inakuwa kazi ya kukwangua kwanza. Mafuta ya breki, majivu, tumbaku, kahawa, mafuta ya taa na kinyesi cha ng'ombe viko kundi hilo hilo, na kinyesi na udongo vinabeba wadudu wa pepopunda. Damu ikishakoma, osha kidonda kwa maji mengi ya kunywa au yaliyochemshwa yakapoa, mengi kweli, lita nzima na zaidi, mpaka mchanga na magamba ya samaki yatoke. Kwa jeraha kubwa ambalo damu yake mmeizuia kwa shida, acheni kuosha, nendeni. Kisha sindano ya pepopunda. Pepopunda inakuja siku kadhaa baadaye, wakati kidonda kimeshasahaulika, na kuitibu ni kazi ngumu sana kuliko kuchanja.

Mwanangu anachunga ng'ombe vichakani. Mnadani wanauza jiwe jeusi la nyoka. Ninunue akae nalo? — Mama mfugaji, Lamadi

Usinunue, mama. Hiyo pesa mnunulie viatu vya kufunika kifundo cha mguu na tochi ya kutembelea usiku. Hivyo viwili vinamkinga kweli, maana kifutu halikimbii mtu, linalala njiani likikanyagwa ndipo linauma.

Najua utaniambia fulani aliwekewa jiwe akapona. Nyoka wengi hawana sumu ya kumwua mtu, na hata wenye sumu mara nyingine wanauma bila kuitoa. Mtu wa namna hiyo angepona hata akiwekewa kifuniko cha soda. Aliyeingiwa na sumu yenyewe, jiwe halimsaidii kitu, linamchelewesha tu huku watu wakingoja lidondoke lenyewe.

Kuchanja kwa wembe kunaongeza jeraha kwa mtu ambaye sumu ya kifutu inaweza kuwa inazuia damu yake isigande. Kunyonya kwa mdomo hakutoi sumu. Kufunga kamba ya kukaza, hapana. Niliyosema juu ya paja la mvuvi ni ya damu inayoruka, si ya nyoka: kwa kifutu, sumu ikibanwa sehemu moja nyama inaoza zaidi, na kamba ikifunguliwa ghafla hali inaweza kuharibika haraka. Maziwa, mafuta ya taa na umeme wa betri ya pikipiki, msimfanyie mtoto wa mtu hayo.

Mwanao akiumwa, aondoke pale alipo nyoka, kisha akae chini atulie. Mvueni pete, bangili, shanga na kiatu kabla mguu haujavimba. Mguu ulioumwa ufungieni kijiti kama uliovunjika, bila kubana, usichezecheze. Asitembee, abebwe. Kwa pikipiki akae katikati, dereva mbele na mtu mzima nyuma wa kumshika. Nepal walipanga utaratibu wa vijana wa pikipiki kuwawahisha walioumwa na nyoka hospitali, vifo vikapungua sana, na sisi huku bodaboda hazijatupungukia. Akianza kutapika au kusinzia, mlazeni ubavu. Mkiona kope zinaanguka, sauti inakwama, mate yanamshinda kumeza, hiyo ni sumu ya aina ya koboko inayolegeza misuli, na kinachofuata ni pumzi. Ikikata, mpulizieni pumzi mdomoni njia nzima, msiache. Anaweza kuwa anawasikia ingawa hawezi kufumbua macho.

Pigeni simu mbele, muulize kama dawa ya sumu ya nyoka ipo kituoni, kwa sababu si kila zahanati inayo, na kufika mahali isipokuwepo ni kupoteza saa. Msimtafute nyoka mumwue. Mara nyingi anayemtafuta ndiye anayekuwa mgonjwa wa pili. Shirika la Afya Duniani liliingiza sumu ya nyoka kwenye orodha ya maradhi yaliyosahaulika mwaka 2017, na mimi naona sisi wa vijijini tumechelewa zaidi yao kulichukulia jambo hili kuwa la hospitali.

Swila akitema machoni? — Kijana, Magu

Maji, maji, maji, dakika kumi na tano au ishirini, macho yakiwa wazi. Kama pale pana maji ya ziwa tu, tumia hayo hayo. Usisugue. Kisha hospitali, hata ukiona vizuri.

Ni kweli aliyepigwa na radi anabaki na umeme, ukimgusa unakufa? — Sengerema

Si kweli, na uongo huu unaua. Mwili haubaki na umeme hata kidogo. Radi mara nyingi inasimamisha moyo na pumzi kwa mtu ambaye viungo vyake vyote ni vizima, kwa hiyo akianza kukandamizwa kifua na kupuliziwa pumzi mara moja ana nafasi nzuri. Wakipigwa wengi kwa pamoja, anzeni na yule anayeonekana amekufa. Anayelia anapumua, atangoja. Habari za nani katuma radi mtazungumza baadaye, mwenzenu akiwa anapumua.

Na kwa wavuvi: ziwa letu ni kati ya sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani, hasa usiku. Ukisikia ngurumo, geuza mtumbwi. Dagaa watakuwepo kesho.

Moto wa petroli umemchoma mpishi wa kambi. Dawa ya meno au mayai? — Maisome

Maji ya baridi yanayomwagika, dakika ishirini. Kisha kanga safi, bila kupaka kitu. Malengelenge msiyapasue. Na nani aliyejaza petroli ya injini karibu na jiko? Kamateni huyo leo, kabla ya mtu mwingine.

Tukimtoa mtu majini tunambeba kichwa chini ili maji yatoke. Wengine wanasema tusifanye hivyo. — Igombe

Wanasema kweli. Maji yanayotoka ukimning'iniza ni ya tumboni, yakipanda yanaingia kwenye mapafu, na dakika mnazomzungusha mabegani ni dakika ambazo ubongo haupati hewa. Aliyezama anakosa hewa, basi mpeni hewa. Mlazeni chali mahali pagumu, inueni kidevu, mtazame kifua. Hapumui? Mbane pua, mpulizie mara tano taratibu, kifua kinyanyuke. Kisha kandamiza katikati ya kifua mara thelathini, kina cha sentimita tano hivi, kwa mwendo wa mara 100 hadi 120 kwa dakika, halafu pumzi mbili, na mrudie. Badilishaneni kila baada ya dakika mbili, maana mtu mmoja anachoka bila kujijua na mikono inaanza kugusa tu. Povu likitoka mdomoni msihangaike kulifuta, pulizeni. Akitapika, mgeuzeni ubavu, futeni, mrudishe. Akianza kupumua mwenyewe, alale ubavu, avuliwe nguo mbichi, afunikwe. Na aende hospitali hata kama anasema yuko sawa, kwa sababu mapafu yanaweza kuharibika saa kadhaa baadaye.

Sasa la pili ambalo hamkuuliza. Vijana wengi wanazama wakiwa wamemfuata mtu anayezama. Anayezama anashika chochote, akikushika shingo mnakwenda wote. Mpe kasia, mpe nguo. Kama yuko mbali, chukua dumu la lita ishirini, bakiza humo maji kidogo lipate uzito wa kurushwa, funga kifuniko kabisa, lifunge kamba, umtupie. Kila mtumbwi una dumu. Liwe na kamba tayari tangu pwani. Na jaketi la kujiokolea livaliwe, lisikaliwe. Meli ya kivuko MV Nyerere ilipinduka Septemba 2018 ikiwa imekaribia gati la Ukara, na zaidi ya watu mia mbili walikufa. Kuiona nchi kavu siyo kufika.

Nimesikia kisa cha Mmarekani aliyejikata mkono porini akapona. Ni kweli, na mtu wa kawaida anaweza? — Mwanafunzi, Nyegezi

Ni kweli. Aron Ralston, Aprili 2003, kwenye makorongo ya Utah. Jiwe lilibingirika likambana mkono wa kulia. Alikaa siku tano, maji yakamwishia, ndipo akauvunja mfupa na kuukata mkono kwa kisu kidogo, akiwa amekaza kifungo juu ya sehemu aliyoikata. Kisha akashuka jabali kwa kamba na kutembea mpaka alipokutana na watu.

Wanafunzi wananiuliza habari za kisu. Mimi nataka mtazame jambo lingine: hakuwa amemwambia mtu yeyote anakokwenda. Siku zile za mwanzo hakuna aliyekuwa anamtafuta mahali alipokuwa. Huku kwetu ndivyo mitumbwi inavyotoka kila jioni. Mke hajui maji gani, BMU, kile kikundi cha kusimamia mwalo, haina jina lake, simu imezimwa kutunza chaji. Mtu akiumia saa nne usiku, kumtafuta kunaanza saa nne asubuhi. Mwambie mtu mmoja aliyebaki nchi kavu unakwenda wapi, uko na nani, utarudi saa ngapi, na ikipita saa ngapi aanze kupiga kelele. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114, iwekeni kwenye simu zote.

Mjukuu wangu alianguka kutoka kwenye miamba akicheza, mkono ukapinda. Fundi wa mifupa aliuvuta ukanyooka lakini sasa vidole ni vya baridi. — Mzee, Kayenze

Shikamoo mzee wangu. Acha kusoma hapa, mpeleke mtoto hospitali sasa hivi. Vidole kuwa baridi maana yake damu haifiki.

Kwa wengine: mfupa uliopinda msiuvute. Ncha zake ni kali, na kando yake kuna mishipa ya damu na ya fahamu. Ufungeni kama ulivyo. Mbao mbili, kipande cha kasia, hata magazeti yaliyokunjwa yakawa magumu, tandikeni nguo laini ndani, na mfunge kiungo cha juu na cha chini ya palipovunjika, si pale penyewe. Kisha bonyeza ukucha: ukiachia, uwekundu urudi upesi. Usiporudi, au akisema vidole vinakufa ganzi, legeza vifungo. Mfupa ukiwa umetoka nje, ufunikeni kwa kitambaa safi chenye unyevu, msiusukume ndani.

Mfupa uliounga vibaya haumwachi mtu. Livingstone, yule wa Ujiji, alishambuliwa na simba kusini mwa Afrika mwaka 1844, mfupa wa mkono wa kushoto ukavunjwavunjwa, na ulivyounga huko porini haukukaa sawa maisha yake yote. Maiti yake ilipofikishwa London mwaka 1874, mfupa huo ndio uliowathibitishia madaktari kuwa ni yeye.

Kiboko amempasua mtu tumbo, matumbo yako nje. Tuyarudishe? — Rubondo

Hapana. Yafunikeni kwa kanga safi iliyoloweshwa maji ya kunywa, isikauke njia nzima. Alale chali, magoti yamekunjwa. Asile, asinywe. Mfunikeni joto lisipotee, maana mwili ukipoa damu inashindwa kuganda, na upepo wa ziwani usiku unapoza haraka. Aliyeng'atwa na mamba naye asipuuze hata matundu madogo. Meno yanaingia ndani na kuacha uchafu, nje panajifunga, ndani panaoza. Na msisimame kati ya kiboko na maji, alfajiri hasa, akiwa anarudi kutoka malishoni.

Aliyemwaga damu nyingi tumpe soda au glukosi? — wengi mmeuliza

Akisinzia, akiwa na jeraha la tumbo au kifua, au akielekea chumba cha upasuaji, asipewe kitu. Soda haigeuki damu. Damu anayohitaji inatoka kwa watu, na kituo cha damu salama cha Kanda ya Ziwa kiko hapa hapa Mwanza. Wewe uliyeuliza, umeshachangia?

Ndoana imeingia mkononi na ncha yake ya nyuma inashika. — Kirumba

Kama ni jichoni au karibu nalo, shingoni, au kwenye kiungo cha kidole, usiguse, funika uende hospitali. Kama iko kwenye nyama ya juu juu, zungusha uzi imara kwenye kona ya ndoana pale inapoingia mwilini. Kwa kidole cha mkono wa pili, kandamiza shina la ndoana lilale sambamba na ngozi, ile ncha ya nyuma inaachia. Mwenzako avute uzi kwa mara moja, ghafla, sambamba na ngozi, kuelekea upande wa kona ya ndoana, mbali na tundu la kufungia mshipi. Wote mliosimama karibu geuzeni nyuso, inaruka. Kisha sabuni, maji mengi, pepopunda.

Kidole kimekatika chote kwenye mashine. Kinaunganishwa tena? — Mfanyakazi wa samaki, Ilemela

Mara nyingine, kikifika kikiwa kizima. Zuia damu kwanza kwenye mkono. Kidole kisafishe kwa maji safi kidogo, kivingirishe kwenye kitambaa kibichi, kitie kwenye chombo kisichopitisha maji, na chombo hicho ndicho kiwekwe kwenye barafu. Barafu ya sangara ipo tele hapo mlipo, lakini isiguse nyama ya kidole moja kwa moja, inaiua. Andika saa, mpeleke naye kwa pamoja, na kidole kibebwe na mtu mwingine, si majeruhi.